Mashine ya Milembe

Bariadi,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Milembe,

Mwangaluka huko milimani. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba umeshazoea kuamka kabla ya jogoo, wewe ambaye hapa nyumbani tulikuamsha kwa kukunyunyizia maji. Sisi tunaendelea. Mvua ilichelewa, ikaja kwa fujo, na nusu ya pamba imebidi tuipande upya. Mke wangu Evalina tumbo limekuwa zito. Anatembea ameshika kiuno na kila kitu kosa langu, hata jua. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Sasa niseme kilichonifanya nitafute kalamu, maana mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Ni ile kompyuta yako ya dukani. Kwaya ya Dutwa wamenipa kazi ya kuhariri video za nyimbo zao, wanazitaka Pasaka, na programu ya video inakula RAM kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Nikiwa Mwanza kununua karatasi, nikanunua RAM nyingine, kile kibao cha kumbukumbu, ya GB 8 ili niiongezee ile GB 8 yako. Muuzaji, jina lake Joakim, aliapa kwamba ni sawasawa na ya kwanza. Nikaipachika mwenyewe. Kompyuta ikawaka, ikasema ina GB 16, nikapiga makofi peke yangu. Kumbe nimejipongeza mapema. Imekuwa nzito kuliko zamani! Video inakwamakwama, wanakwaya wanafungua midomo leo, sauti inatoka kesho. Nimeongeza majani, ng'ombe amekonda. Inakuwaje?

Utaniuliza kwa nini nisimwite fundi Amoni, ambaye banda lake liko ng'ambo ya barabara. Mama amekataza. Tangu uondoke neno lake ni moja: "Mashine ya Milembe ataifungua Milembe." Hata mimi niliifungua kwa kuibia, Jumapili yeye akiwa misani, na moyo ulinidunda kama mwizi wa kuku. Basi fundi ni wewe. Na kwa kuwa huko simu hamruhusiwi, tutatengeneza kompyuta kwa njia ya posta. Watu watatucheka, lakini wacheke.

Kaka yako,
Magese


Monasteri, Njombe,
2 Februari 2025

Kaka Magese,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeisoma bustanini kwenye kabichi, nikacheka mpaka mwenzangu Rachel akanionya kwa macho. Ujue kwamba Mama Mlezi, anayetulea sisi wanovisi, ndiye husoma barua kwanza. Naye alicheka, ila pale ulipofungua kompyuta badala ya kwenda misani ameweka alama ya kalamu.

Mpe pole Evalina, na umsaidie kuchota maji bila kusubiri kuambiwa. Hapa tumevuna viazi vizuri. Magoti yangu yamekuwa magumu kwa kupiga magoti, lakini nina furaha, kaka, furaha ya kweli, na ningependa uniamini.

Nina habari kubwa. Nimekubaliwa. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nitaweka nadhiri za kwanza. Utaratibu wa hapa ni kwamba mzazi humshika mwanawe mkono mlangoni mwa kanisa, wakatembea pamoja mpaka altareni, na hapo humkabidhi. Baba ameshatangulia. Namtaka mama. Wasio na mtu hutembea peke yao na nadhiri zao ni halali vilevile, lakini mimi sitaki kufika mbele za Mungu kama mtu aliyetoroka kwao. Mwambie mama. Halafu niandikie alichojibu, kwa maneno yake, si kwa maneno yako.

Tuje kwenye mashine. Hujalogwa. RAM mbili zikiwekwa pamoja, zote hutembea kwa mwendo wa ile ya polepole, na ubao mkuu wa ndani ukizishuku huzipunguza zaidi. Ile yangu kasi yake ni 3200, na nilipoinunua niliingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, nikaiwashia mwendo huo kwa mkono wangu. Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda penye Performance, kisha Memory. Kuna mahali pameandikwa Speed, na chini yake idadi ya sloti, yaani vipachikio vya RAM, zilizotumika. Ninakilie yote. Kisha zima, chomoa waya ukutani, fungua, usome kibandiko cha RAM mpya bila kumsikiliza Joakim. Na uniambie umeipachika sloti ipi. Najua hukuangalia ulipoipachika.

Nakuombea, hata kwa Jumapili hiyo.

Milembe


Bariadi,
19 Februari 2025

Mdogo wangu,

Hongera. Nimeandika neno hilo mara kadhaa nikalifuta, si kwamba silitaki, ila linatoka dogo. Nilimsomea Evalina habari yako, akapiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakauliza nani kaoa. Hongera sana, Milembe.

Tunaendelea vizuri. Shija, yule mwenye mashine ya kusaga iliyo ukuta mmoja na duka letu, amenunua mota mpya. Ikinguruma, kalamu zote zinatembea mezani. Panya wameingia kwenye mtama. Mama nitamwambia, usijali. Kwa sasa anahangaika na palizi, nangoja atulie nimpate vizuri. Anakusalimu sana.

Kuhusu mashine, wewe ni mchawi. Speed inasema 2133. Sloti zilizotumika ni mbili kati ya nne. Kibandiko cha RAM mpya kinasema 2400. Joakim alinitazama machoni, Milembe, akaniuliza hata habari za shamba! Na ndiyo, nimezipachika jirani jirani, zimekaa kama maharusi. Niliona ni vizuri zikae pamoja ili zisaidiane.

Kwaya ya Dutwa wamenitumia mjumbe, mzee Mahona, mwenyekiti wao. Alikaa dukani mchana mzima akiangalia video inavyokwama, akavaa kofia, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Kaka yako,
Magese


Monasteri, Njombe,
3 Machi 2025

Kaka Magese,

Amani. Naandika kwa haraka. Keshokutwa ni Majivu, na Kwaresima yote sisi hatuandiki barua wala hatusomi. Zitakazofika zitalala kabatini kwa Mama Mlezi mpaka Pasaka.

Mrudishie Joakim RAM yake. Usigombane naye, mwonyeshe kibandiko, umwambie unataka 3200 kama ile ya zamani, ya kampuni hiyohiyo ikiwezekana. Ukiipata, usiziweke jirani. Hesabu sloti ukianzia kwenye feni ya prosesa: moja ikae ya pili, nyingine ya nne, ile ya ukingoni. Hizo zina rangi moja. Zikiwa jirani zinagombea mlango mmoja. Zikiachana, kila moja inapata mlango wake, na mizigo inapita kwa pamoja. Bonyeza mpaka vishikio vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe. Kisha washa huku ukigongagonga Delete, utaingia BIOS. Tafuta XMP, ndiyo inayoruhusu kasi ya 3200, iwashe, bonyeza F10 ukubali. Itawaka na kuzima, usiogope wala usichomoe waya, inajipima.

Na kitu kingine. Palizi imeisha, Magese. Nilizaliwa hapo, najua pamba hupaliliwa lini. Mwambie mama.

Milembe


Bariadi,
6 Aprili 2025

Mpendwa Milembe,

Najua barua hii inakwenda kulala kabatini, na labda ndiyo maana naweza kuiandika. Mtu akiongea na kabati haoni haya.

Kwanza furaha. Evalina amejifungua salama mtoto wa kike, mweusi, mwenye sauti ya mbuzi. Nilitaka aitwe Milembe. Mama alikuwa amempakata. Akaniangalia, akasema, "Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe atarudi." Akanirudishia mtoto. Basi tumemwita Precious, jina alilopenda mkunga.

Sasa ukweli. Mama nilimwambia tangu siku nilipoipata habari ya nadhiri. Alichukua jembe akaenda shambani, na jioni akala akalala. Nimemwambia tena, akachukua jembe tena. Tangu uondoke, huu mwaka wa tatu, jina lako hakuwa amelitaja ila kwenye ile amri yake ya mashine. Salamu zote za mama nilizokuandikia nilizitunga mimi. Nisamehe. Nilidhani nikiziandika kila mara, siku moja zitakuwa kweli. Unakumbuka aliuza ng'ombe wake wa maziwa akanunua hiyo kompyuta ili urudi kutoka chuoni ufungue duka hapa, uolewe hapa, azeeke akikuona. Kila akipita anaona jina lako limeandikwa juu ya mlango wa duka. Mimi naona uchungu wake, na naona na wako, nimekaa katikati kama mlango unaosukumwa pande zote mbili.

Na mashine! Joakim alibadilisha bila neno. Nikafuata maagizo yako yote, ilipowaka na kuzima mara kadhaa nilimwita kila mtakatifu ninayemjua. Kisha ikatulia. Speed 3200. GB 16. Ilikimbia, Milembe! Mzee Mahona aliletwa kuona, akacheza pale pale kwenye kiti. Haikumaliza wiki, nikawasha asubuhi ikawa nzito. Naangalia, GB 8. Sloti moja kati ya nne. Nikaifungua Jumapili, nikakuta RAM moja imeinuka upande. Nikaibonyeza, ikapona. Wiki iliyofuata tena vilevile. Nashuku vumbi, maana hapa kuna nyuzi za pamba kila mahali, feni imeota ndevu. Au mota ya Shija inaitikisa mpaka inatoka. Sijui. Video za kwaya zimelala nusu na Pasaka ndiyo hii.

Kaka yako asiye na raha,
Magese


Monasteri, Njombe,
27 Aprili 2025

Kaka yangu,

Amefufuka. Kabati lilifunguliwa Jumatatu ya Pasaka, na barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mbusu Precious kwenye unyayo, ndiyo desturi yangu mpya, nimeianzisha leo. Mwambie Evalina kwamba jina ni zuri.

Nililia, sitakuficha. Lakini sikuudhika nawe. Salamu nilijua ni zako tangu ya kwanza. Mama hajawahi kumsalimia mtu "sana" maishani mwake. Nilizipokea kwa sababu nilihitaji kuzisoma, kwa hiyo tumedanganyana wawili. Kinachoniuma ni kwamba yeye anaumia bila kusema na mimi sipo kumsikiliza. Bado namtaka. Nitaendelea kumtaka mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Mashine tuipeleleze kwa utaratibu. Ipulize vumbi vizuri, kwenye sloti tumia brashi laini ya rangi iliyo mpya kabisa, na meno ya RAM uyafute kwa kitambaa kikavu. Kunja gunia uliweke chini ya kompyuta ili mtikisiko wa Shija uishie humo. Kisha badilishana RAM: ya sloti ya pili ipeleke ya nne, ya nne ije ya pili. Ikilegea tena tutajua kama ugonjwa ni wa RAM au wa sloti. Na siku itakapolegea, kabla hujagusa kitu, chungulia vishikio. Je, vimefungwa au viko wazi? Hilo ndilo nalitaka kuliko yote.

Na uniambie, siku hizi nani anafungua duka asubuhi? Nani anafagia?

Milembe


Bariadi,
18 Mei 2025

Mdogo wangu,

Huku pamba imefunguka, Bariadi nzima imekuwa nyeupe na watu wana haraka. Precious ameanza kucheka, anamcheka mama zaidi ya sisi. Evalina amepata nguvu, amerudi kunisema.

Nimefanya yote. Vumbi nimepuliza mpaka nikapiga chafya siku nzima. Gunia nimeweka, kalamu zinatembea, kompyuta imetulia. RAM nimezibadilisha. Ikakaa vizuri siku chache, ikalegea. Ya sloti ya nne. Nikazibadilisha tena, ikalegea ya sloti ya nne. Hivyo RAM zote ni nzima, na nikaanza kuamini sloti imekufa. Lakini nilipochungulia, vishikio vyote viwili viko wazi, vimelala kabisa kila kimoja upande wake. Nikaipachika, nikaivuta kwa nguvu kuijaribu, haitoki ng'o! Sasa inatokaje?

Mimi nimepata jibu langu. Ni Amoni. Anataka nishindwe ili mashine ipelekwe kwake. Sijui anaingiaje, lakini nimeagiza kufuli dogo, nitatoboa mfuniko nilifunge. Wala usinizuie. Kwaya wamekwenda kurekodi kwa mtu mwingine Lagangabilili, Pasaka yao ilipita bila video, na Jumapili mzee Mahona alinipa mkono akiangalia pembeni. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Umeuliza nani anafagia. Ni mama, kama zamani. Anakwenda alfajiri na ufunguo wake, nikifika nakuta sakafu imemwagiwa maji.

Habari moja njema. Wiki hii mashine ilipokwama, mama alikuwa kwenye benchi amempakata Precious. Akasema, "Hamna akili. Mwambieni Milembe aje aitengeneze." Umesikia? Ametaja jina lako bila kuulizwa! Nimeona nikuandikie upesi ufurahi.

Kaka yako,
Magese


Monasteri, Njombe,
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Kaka Magese,

Amani ikae kwenu. Usiweke kufuli. Ukimwona Amoni msalimie, ununue kitu kwake, na hata ukinunua betri ya saa inatosha. Hana kosa.

RAM hailegei yenyewe, kaka. Vishikio viwili havifunguki kwa mtikisiko wala kwa vumbi. Hufunguliwa na vidole, kimoja huku na kimoja huku, na sloti ya nne ndiyo iliyo karibu na mkono wa mtu anayefungua mfuniko. Usimwulize mtu neno. Usimkasirikie mtu. Nakuomba kama dada yako na nakuomba kama novisi, chagua unalolisikia.

Humu kuna karatasi ya pili, ya mama. Msomee dukani, mashine ikiwa imezimwa na mlango umeegeshwa. Msomee yote kama ilivyo. Ukifika mahali ukaona vigumu, soma tu.

Milembe


Kwa mama yangu Kwandu,

Mayu, mwangaluka. Ni mimi.

Najua mkono unaoitoa hiyo RAM. Ni mkono ulionifundisha kukamua, nikiwa mdogo hata ndoo sijaweza kuibeba. Sijakasirika. Nilipoelewa nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikakuwaza ukiinama kwenye hiyo mashine alfajiri, peke yako, ukiwa umeshafagia, na nikatamani sana nikushike. Hakuna aliyewahi kunitaka kiasi hicho.

Lakini sitakuja, mama. Ikilegea sitakuja, na hata ikifa kabisa, sitakuja kuitengeneza. Lazima niliandike hili, kwa sababu najua ungeitoa kila wiki mpaka uzeeke, ukinisubiri kwa mashine. Sikuondoka kwa sababu duka lilikuwa dogo au kwa sababu hukunitosha. Nimeitwa, nami nikaitika. Ulinilea niitike nikiitwa.

Sasa nisikilize, nikufundishe, maana nataka nyumbani awepo mtu anayeijua. Magese ana haraka mno. Wewe ndiye uliyekuwa ukipachika mpini wa jembe usitingishike. Waya uwe umechomolewa ukutani. Kabla ya kuigusa, shika kwanza chuma cha kasha, mwili una umeme wake ambao wewe huusikii lakini RAM huuawa nao. Usishike meno yake ya manjano, ishike pembeni, kama sahani yenye mchuzi. Ina pengo moja chini, halipo katikati. Lipatanishe na kinundu kilicho kwenye sloti. Likikataa, igeuze, usilazimishe. Kisha weka dole gumba kila upande, sukuma sawasawa mpaka vishikio vipande vyenyewe vikaibane.

Mkono huohuo ndio ninaouhitaji tarehe 15 Agosti, kutoka mlangoni mpaka altareni. Si safari ndefu. Usipokuja sitakulaumu, na nitaendelea kukupenda kama nilivyokuwa nikikupenda nikiwa hapo. Ila nakuomba.

Mwanao,
Milembe


Bariadi,
29 Juni 2025

Milembe,

Anayeandika ni Magese lakini maneno ni yangu, Kwandu. Nimemwambia asitie chumvi. Akitia, nitamjua, maana nitamwambia Evalina anisomee baadaye.

Mwadila, ng'wanawane, mwanangu. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa sababu ya pamba, si kwa sababu ya ugonjwa. Mtoto wa Magese anakua, ana macho ya baba yenu. Njia ya Dutwa ina vumbi. Hizo ndizo habari.

Ni kweli niliitoa. Ile Jumapili ya kwanza nilirudi kuchukua kitabu cha nyimbo, nikamwona Magese dirishani ameipasua mashine yako kama mbuzi. Nikaona anavyofanya. Nikajiambia, ng'ombe akiugua huitwa mwenyewe. Mashine ikiugua mwenyewe ataitwa, na akiitwa atakuja, na akija nitamkalisha na kumwambia yaliyomo moyoni mwangu, hatarudi tena huko. Ilipopona ile mara ya kwanza, nikawa naitoa nikimaliza kufagia. Kila basi la Mwanza likiingia stendi, niliangalia wanaoshuka. Nyie mkawa mnaandikiana, mashine inapona kwa karatasi, naitoa tena. Nimewaharibia kazi ya kwaya. Nimekwenda mwenyewe Dutwa kwa Mahona nikamwambia kosa si la Magese ni langu. Amecheka sana yule mzee, ameirudisha kazi. Sikupenda anavyocheka, lakini ameirudisha.

Magese aliponisomea barua yako, alifika pale unaposema hutakuja hata ikifa. Akashusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho. Nilisimama nikatoka, nikaenda shambani, nikachuma pamba kwa hasira na hasira ikawa machozi. Nililia kwa sauti, hakukuwa na mtu. Kwa miaka yote nilikuwa sijakulilia, nilikuwa nakungoja. Mtu unayemngoja humlilii. Siku hiyo nilikulilia, ikaisha.

Nilirudi dukani jua likiwa bado lipo. Nikachomoa waya. Nikashika chuma. Magese akataka kunisaidia, nikamtoa nje. Mara ya kwanza ilikataa, nikaigeuza kama ulivyosema, ikaingia. Vile vidude vikapanda vyenyewe vikaibana, nikasikia kwenye vidole. Tukaiwasha. Magese anasema imekuwa 3200 na nyingine zote kumi na sita. Mimi sijui hizo ni nini. Yeye anarukaruka hapa, mtu mzima.

Mahari yako sitaiona, na watoto wako sitawafunga mgongoni. Nimelisema mara moja hapa ili usidhani nimesahau. Sitalirudia.

Tutakuja. Magese ameshauliza mabasi, tutalala njiani. Nitakushika mkono huo unaoutaka. Nikifika altareni kama utaniona nimechelewa kuuachia, usinivute, nitauachia.

Kuna jambo moja. Magese ananiambia siku hiyo mnapewa majina mapya. Waulize wakubwa wako ni jina gani watakupa, uniandikie mapema, kabla hatujaondoka. Kama ni la Kizungu, mwambie Magese linavyosemwa. Nataka nilizoee hapa nikifagia, niliseme kwa sauti mpaka ulimi ukubali. Sitaki nisimame mbele ya watu wote nimeshika mkono wa mtu ninayeshindwa kumwita.

Mama yako,
Kwandu